Ndama wa Wiki Mbili Achanjwe? Dang'a, Kingamwili na Kalenda ya Chanjo

Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkoani Simiyu kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Ng'ombe huchanjwa dhidi ya homa ya mapafu, mfugaji akichangia shilingi 500 kwa kichwa, kisha huvishwa hereni. Lakini wapo wanaofikishwa kwenye kibano cha kuchanjia wakarudishwa bila kuguswa: ndama wadogo. Chanjo ya homa ya mapafu kwa kawaida hupewa ng'ombe waliofikisha miezi 6, na mwenye ndama wa miezi miwili huondoka akinung'unika kwamba aliye dhaifu kuliko wote ndiye aliyeachwa bila kinga.

Kwa jirani zetu wa Kenya manung'uniko yalikuwa ya aina nyingine. Mwishoni mwa 2024, serikali ilipotangaza mpango wa kuchanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50, uvumi ulitangulia sindano. Wapo waliosema chanjo imekusudiwa kupunguza gesi inayotoka tumboni mwa ng'ombe, wengine wakasema itaua uzazi wa mifugo.

Mmoja analalamika kwamba ndama wake hakuchanjwa, mwingine anaapa kwamba wake hatachanjwa. Naona wote wawili wamekwama mahali pamoja, kwa sababu hakuna aliyekaa nao akawaeleza chanjo inafanya nini ndani ya mwili wa ndama. Chanjo haimwagi kinga mwilini kama maji kwenye mtungi. Inaufundisha mwili, na mwili wa ndama una wakati wa kufundishika na wakati ambao somo halishiki hata kidogo.

Tuyaweke maneno sawa kwanza. Kinga ni uwezo wa mwili kukitambua kimelea cha ugonjwa na kukishinda. Kingamwili ni protini zinazoelea kwenye damu na maziwa, kila moja ikiwa imeundwa kukamata kimelea cha aina yake tu, kwa hiyo kingamwili za kimeta hazikijui kimelea cha chambavu, ugonjwa mwingine wa ng'ombe unaoletwa na bakteria. Chanjo ni kimelea kilichouawa au kilichodhoofishwa, kinachopelekwa mwilini ili mwili ujifunze kukitambua kabla haujakutana na kile kikali. Dawa kazi yake ni kupambana na kimelea kilichokwisha kuingia.

Nasisitiza hilo la mwisho kwa sababu vijijini kwetu kila sindano huitwa chanjo. Ukiuliza kama ndama amechanjwa unajibiwa ndiyo, kumbe alichomwa ivermektini, ambayo ni dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi, au oksitetrasaiklini, ambayo ni antibayotiki. Sindano hizo mbili zina kazi zake, ila hakuna hata moja inayomwachia ndama kumbukumbu ya ugonjwa wowote.

Anazaliwa bila kitu

Mtoto wa binadamu huzaliwa akiwa na kingamwili za mama yake, alizozipokea kupitia kondo la nyuma katika miezi ya mwisho ya mimba. Ndama hana bahati hiyo. Kondo la nyuma la ng'ombe lina tabaka nyingi kati ya damu ya mama na damu ya mtoto, na kingamwili ni kubwa mno kupenya. Kwa hiyo ndama hukaa tumboni miezi 9, akazaliwa na macho yake, kwato zake na nguvu ya kusimama ndani ya saa moja au mbili, lakini damu yake ikiwa karibu haina kingamwili kabisa. Chembe zake za kinga zipo, tena nzima, ila hazijawahi kukutana na adui yeyote. Kisha anaangukia kwenye zizi lenye samadi, matope na kupe.

Kinachomwokoa ni dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku ya kwanza. Katika wiki za mwisho za mimba ng'ombe huhamisha kingamwili nyingi kutoka kwenye damu yake na kuzikusanya kwenye kiwele. Lita moja ya dang'a nzuri huwa na zaidi ya gramu 50 za kingamwili, pamoja na mafuta, vitamini A na chembe hai za kinga za mama mwenyewe. Ni kana kwamba historia nzima ya magonjwa ya mama, yaani yale aliyougua akapona na yale aliyochanjwa, imekamuliwa ikawekwa kwenye ndoo.

Lakini ndoo hiyo ina saa zake. Kwa kawaida utumbo huvunjavunja protini kabla ya kuzinyonya. Utumbo wa ndama aliyezaliwa punde ni tofauti, kwani unazipitisha kingamwili nzimanzima hadi kwenye damu. Mlango huo huanza kufungwa mapema. Saa 6 za kwanza ndizo zenye faida kubwa, kufikia saa ya 12 kiasi kinachopita kimeshuka sana, na baada ya saa 24 hakipiti kitu cha maana. Ndama aliyezaliwa usiku wa manane akanyonya kesho yake saa nne asubuhi, pengine amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya urithi wake, hata kama atakunywa ndoo nzima.

Kipimo kinachopendekezwa ni dang'a yenye uzito wa karibu asilimia 10 ya uzito wa ndama, ndani ya saa 2 hadi 4 baada ya kuzaliwa. Ndama wa kizebu, yaani ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu, wa kilo 22 atahitaji lita 2 na kidogo, na wa Friziani wa kilo 40 lita 4. Ndama wa kienyeji anayeachwa na mama yake mara nyingi hujitafutia mwenyewe. Hatari kubwa ipo kwa ng'ombe wa maziwa wa kisasa, ambapo ndama hutenganishwa na mama mapema na kupewa kilichobaki baada ya mteja. Kuna kifaa kidogo ambacho wapimaji wa utamu wa juisi za matunda hukitumia. Ukiweka tone la dang'a kikasoma asilimia 22 au zaidi, dang'a hiyo ni nzuri. Usipokuwa nacho, jua tu kwamba ng'ombe aliyekuwa akivuja maziwa au aliyekamwa kabla ya kuzaa atatoa dang'a nyepesi, na mtamba wa uzao wa kwanza mara nyingi huwa na kingamwili chache kuliko mama aliyezaa mara tatu.

Hapa ndipo mazoea mawili yanapotuangamizia ndama. La kwanza ni kuamini kwamba dang'a ni uchafu au inamharisha ndama, kwa hiyo inakamuliwa na kumwagwa chini. Dang'a inalainisha choo ndiyo, na hiyo ni kazi yake mojawapo, kusukuma nje kinyesi cha kwanza kile cheusi. Kuhara kunakoua ndama huletwa na bakteria na virusi vya zizini, na dang'a ndiyo kinga yake. La pili ni kusubiri kondo la nyuma litoke kabla ya kumruhusu ndama anyonye. Kondo linaweza kuchukua saa 8 au 12, na utumbo wa ndama hausubiri. Tena kunyonya kwenyewe huamsha uchungu unaosaidia kondo kutoka, kwa hiyo anayesubiri anajichelewesha mara mbili.

Mama akifa au asipotoa maziwa, dang'a ya ng'ombe mwingine mwenye afya aliyezaa siku hiyo inafaa. Iliyogandishwa kwenye friza inafaa pia, mradi iyeyushwe kwa maji ya uvuguvugu. Ukiichemsha, kingamwili zinaharibika na unabaki na chakula tu.

Pengo la katikati

Sasa tufike penye swali la kichwa cha habari. Fikiria kijana aliyehamia kijiji kipya msimu wa kupanda. Shamba analo, jembe analo, ila hana mavuno. Ndugu wanampa gunia la mahindi. Analila taratibu huku shamba lake likikua. Gunia linapungua kila siku, na hatari yake kubwa ni zile wiki ambapo gunia limeisha na mahindi ya shambani bado ni machanga.

Kingamwili za mama ndilo gunia. Zile zilizo nyingi zaidi hupungua kwa nusu kila baada ya takriban wiki tatu, na hakuna linaloongezwa, kwa sababu utumbo umeshafunga. Shamba ni kinga ya ndama mwenyewe. Chembe zake huanza kutengeneza kingamwili katika wiki za kwanza, kidogo kidogo, na inachukua miezi kadhaa, mara nyingi mitano au zaidi, kabla hazijafanya kazi kama za ng'ombe mzima. Kati ya gunia linaloisha na shamba lisiloiva kuna pengo, na kwa ndama wengi pengo hilo huangukia kati ya mwezi wa pili na wa nne. Mfugaji aliyewahi kuona ndama mnene, mwenye manyoya yanayong'aa, akianza kukohoa na kudhoofu bila sababu katika umri huo anajua ninachokisema.

Basi kwa nini tusimchanje mapema tukaliziba pengo? Kwa sababu kingamwili za mama hazibagui. Zikikutana na kimelea cha kweli zinakikamata, na zikikutana na kimelea cha chanjo zinakikamata vilevile, kabla chembe za ndama hazijapata nafasi ya kukitazama. Sindano imechomwa, pesa imelipwa, kadi imeandikwa, na mwili wa ndama haukujifunza kitu. Zikishapungua, huwepo muda ambao zimekuwa chache mno kumlinda ndama lakini bado zinatosha kuizuia chanjo. Huo ndio muda mgumu kuliko yote, na hakuna sindano inayouondoa kabisa. Wataalamu wanachofanya ni kuchagua umri ambao ndama wengi wamekwisha kuuvuka, kisha kurudia dozi ili kuwapata waliochelewa.

Afrika ililijua hili zamani kupitia sotoka, ugonjwa wa virusi uliokuwa ukiua ng'ombe kwa wingi. Chanjo iliyoimaliza ilitengenezwa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, na Walter Plowright na wenzake, na ikawa nzuri ajabu, kwani dozi moja ilimkinga ng'ombe kwa miaka mingi. Isipokuwa kwa ndama wa mama waliochanjwa. Hao waliweza kubeba kingamwili za mama kwa miezi mingi, na chanjo ikapita juu yao bila kushika. Ndiyo maana kampeni kubwa ya bara zima iliyoanza 1962 ilipangwa hivi: ng'ombe wote wachanjwe miaka mitatu mfululizo, kisha ndama waendelee kuchanjwa kila mwaka. Sotoka ilitangazwa kutoweka duniani 2011. Ndama walikuwa sehemu ya hesabu hiyo tangu mwanzo.

Kwa hiyo ndama wa wiki mbili, kwa chanjo nyingi tulizonazo, asichanjwe bado. Hajasahaulika. Katika umri huo anatumia chanjo aliyopewa mama yake. Na hapo lipo jambo ambalo natamani kila mfugaji alishike: kuhara kunakoua ndama katika wiki mbili za kwanza hakuwezi kuzuiwa kwa kumchanja ndama, kwa sababu hana muda wa kujifunza kabla ugonjwa haujafika. Anayeweza kuchanjwa ni ng'ombe mwenye mimba, wiki chache kabla ya kuzaa, ili kingamwili ziwahi kuingia kwenye dang'a. Hii pia ndiyo sababu mtamba aliyenunuliwa mbali akaletwa kwako wiki moja kabla ya kuzaa anaweza kutoa dang'a nzito iliyojaa kingamwili za magonjwa ya huko alikotoka, na chache za magonjwa ya zizi lako.

Umri kwa chanjo zenyewe

Chambavu huwapenda wenye miezi 6 hadi miaka 2, hasa walionona, na vimelea vyake hukaa kwenye udongo miaka mingi. Chanjo huanza kati ya miezi 3 na 6, ikarudiwa kabla ya mvua au kwa ratiba ya eneo lako. Kimeta huchanjwa kila mwaka, na ndama huingizwa akiwa na miezi kama 3.

Ugonjwa wa miguu na midomo unahitaji uvumilivu zaidi. Virusi vyake vina aina kadhaa, na Afrika Mashariki huzunguka zaidi O, A, SAT 1 na SAT 2. Kinga ya aina moja haimsaidii ng'ombe dhidi ya nyingine, jambo linaloeleza kwa nini ng'ombe "aliyechanjwa" huweza kuugua. Ndama wa mama aliyechanjwa huanza akiwa na miezi karibu 4. Kwa kuwa chanjo hii ni ya virusi vilivyouawa, dozi ya kwanza ni utangulizi tu, na ya pili baada ya wiki 3 au 4 ndiyo inayoimarisha. Baadaye hurudiwa kama kila miezi 6. Anayechanja mara moja akaacha amefanya nusu ya kazi.

Ugonjwa wa kutupa mimba una masharti makali kuliko yote. Chanjo yake ya kawaida, S19, ni bakteria hai waliodhoofishwa, nayo hupewa ndama jike tu, kati ya miezi 3 na 8. Dume akichanjwa anaweza kuvimba korodani. Ng'ombe mwenye mimba akichanjwa anaweza kuitoa. Jike mkubwa akichanjwa, vipimo vya baadaye vinaweza kumwonyesha kama mgonjwa. Na mchanjaji akijichoma kwa bahati mbaya anaweza kuugua yeye, kwa hiyo hii si sindano ya kununua dukani na kujichomea nyumbani. Nadhani ule uvumi wa chanjo kuua uzazi una mbegu yake hapa, kwa ng'ombe fulani aliyechomwa S19 akiwa na mimba. Chanjo ya miguu na midomo, iliyokuwa kwenye mpango wa Kenya, ni kitu kingine kabisa. Ni virusi vilivyokufa, havizaani, na havigusi uzazi wala gesi ya tumbo.

Inabaki ndigana kali, muuaji mkuu wa ndama wetu. Watafiti walipofuatilia ndama 548 wa kizebu magharibi mwa Kenya, maeneo ya Busia, kuanzia 2007 hadi walipofikisha mwaka mmoja kila mmoja, ndigana kali ndiyo iliyoongoza kwa kuua. Huenezwa na kupe wa masikio wa rangi ya kahawia, na kimelea chake hujificha ndani ya chembe nyeupe za damu. Huko ndani kingamwili haziwezi kukifikia. Kinachokimaliza ni chembe za kinga zinazoitambua chembe iliyoambukizwa na kuiua pamoja na kimelea kilichomo.

Kwa hiyo hapa kanuni inageuka. Kingamwili za mama si kizuizi, na ndama anaweza kuchanjwa akiwa na mwezi mmoja hivi. Chanjo yenyewe ni ya kipekee: ndama huchomwa vimelea hai kamili, mchanganyiko wa aina tatu ulioandaliwa pia Muguga katika miaka ya 1970, na papo hapo huchomwa oksitetrasaiklini inayokaa mwilini muda mrefu ili kuupunguza ukali wa ugonjwa. Anaugua kidogo, anapona, anabaki na kinga ya miaka. Wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini mwa Tanzania waliipokea mapema na kwa wingi, kwa sababu waliona ndama wakibaki hai. Vimelea hivyo husafirishwa kwenye mitungi ya naitrojeni ya kimiminika, na dozi ya antibayotiki hupimwa kwa uzito wa ndama, ndiyo maana lazima awepo mtaalamu. Haikingi ndigana baridi wala maji moyo, magonjwa mengine yanayoletwa na kupe, kwa hiyo josho lisisahaulike.

Hapo wengi hukoroga mambo: wakishaona oksitetrasaiklini ikiambatana na chanjo ya ndigana kali, huichoma pia siku ya chanjo ya kimeta ili "kumsaidia" ndama. Chanjo ya kimeta ni bakteria hai, na ile ya homa ya mapafu na S19 vilevile ni vimelea hai. Antibayotiki inaweza kuviua kabla havijafundisha chochote. Kosa la namna hiyo hiyo ni kumpunja ndama dozi kwa kuwa ni mdogo. Dawa hupimwa kwa kilo. Chanjo kwa kawaida hupewa dozi iliyoandikwa kwenye chupa, ndama kama ng'ombe mkubwa.

Ndama aliyekufa siku tano baada ya chanjo? Mara nyingi alikuwa amekwisha kuambukizwa. Ndigana kali, kwa mfano, huchukua wiki moja hadi tatu tangu kupe aume hadi homa ionekane, na chanjo nyingi zinahitaji kama wiki mbili au tatu kabla kinga haijasimama. Uvimbe mahali pa sindano na homa ya siku moja au mbili ni kawaida. Lakini si kila lawama ni uvumi. Chupa ya chanjo hai iliyokaa juani juu ya pikipiki, au iliyochanganywa asubuhi ikamaliziwa alasiri, ni maji tu, na mfugaji ana haki kamili ya kuuliza barafu iko wapi kabla mnyama wake hajachomwa. Ana haki pia ya kukataa ndama anayehara, mwenye homa au aliyejaa minyoo asichanjwe siku hiyo, kwa kuwa mwili unaopigana na kingine haujifunzi vizuri.

Ndama wa kununua mnadani ndiye mgumu zaidi. Hujui kama alinyonya dang'a, hujui mama yake alichanjwa nini, na muuzaji atakuambia kila kitu kipo. Mtenge na wengine wiki mbili au tatu, mkague kupe masikioni, kisha mwanzishe kana kwamba hajawahi kuchanjwa, dozi ya kwanza na ya marudio. Isipokuwa S19: akiwa jike aliyevuka miezi 8, muulize daktari wa mifugo kwanza. Na ukichanja, andika tarehe, jina la chanjo na namba ya chupa kwenye daftari, karibu na namba ya hereni yake.